Mipini ya Chuma ya Mzee Namkuna

Ujumbe wa kifo cha Mzee Namkuna ulinikuta Masasi, kutoka namba nisiyoijua, na jambo la kwanza nililojiuliza, kabla hata sijamwombea marehemu, ni nani aliyempa mtu huyu namba yangu. Ndivyo nilivyo. Nimehama miji mingi, na kila nilipohama nilibadilisha laini ya simu, kwa hiyo mtu anayenitafuta mpaka akanipata huwa najua ana lake jambo. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mzee katutoka. Arobaini ni Jumapili ijayo, Masoko. Bibi anasema uje." Nilimjua bibi aliyetajwa. Alikuwa Bi Mwanahawa, mke wa marehemu, na nilikuwa sijamsikia tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini. Nililala juu ya neno lile, anasema uje, nikaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Asubuhi nikapanda basi la Lindi, na kutoka Lindi nikapanda jingine la Kilwa, na njia nzima nilikuwa nikiukumbuka mwaka ule mmoja.

Nilikotoka na walionizaa si habari ya hapa. Itoshe kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ndogo ya ufukweni Kilwa Masoko, na huko nyumbani kulikuwa na mtu mzima mwenye duka aliyekwisha leta posa. Wageni wa hoteli walikuwa wakienda kwa Mzee Namkuna kupiga gofu, nami nikatumwa kuwabebea fimbo. Siku moja mgeni mmoja alichoka, akanipa fimbo yake kwa mzaha, nikapiga. Mpira ulikwenda mbali na ulikwenda sawa. Mzee alikuja kwangu, akanitazama viganja kama anayenunua ng'ombe anavyotazama meno, akasema, "Kesho acha mashuka, njoo bandani." Nikaenda.

Anayejua gofu kwa picha za televisheni atashangaa. Masoko hapakuwa na majani. Mzee alikuwa fundi wa fimbo katika kilabu kimoja cha Dar es Salaam mpaka macho yalipoanza kumsaliti, akarudi na mizigo ya vichwa vya fimbo, mipini iliyotupwa na makopo ya gundi. Uwanja wake ulikuwa bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, yanaacha mchanga mpana, mgumu, uliolala kama sakafu. Hapo ndipo alipochimba mashimo yake na kuyawekea vijiti vya vitambaa, na maji yakirudi yalifuta kila kitu, kazi ikaanza upya. Watu wa mji hawakumwamini. Wengine walisema anatafuta dhahabu ya zamani iliyofukiwa, maana hakuna mzee mwenye akili timamu anayepiga mchanga kwa chuma halafu anafuata kampira kadogo kwa miguu.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti. Ndani kulinuka gundi iliyoungua na mafuta ya nazi. Kwenye kona, ndani ya dumu lililokatwa, ilisimama mipini ya chuma, mirefu, myembamba, yenye pingili ndogondogo kama muwa uliopungua mwili. Hewa ya chumvi huila chuma, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuisugua kwa jivu na kumbi la nazi, kisha kuipaka mafuta. Majivu yalikuwa yamekwisha kufuta karatasi zote za kiwandani zilizoonyesha uzito. Mipini yote ilifanana. Lakini haikuwa sawa: ilikuwa ya aina mbili, mizito na myepesi, na kuitofautisha lilikuwa somo la mwanzo.

"Shika huu," Mzee alisema. "Sasa huu. Upi mzito?"

"Wa kulia."

"Umeona kwa mkono, au umebahatisha?"

"Kwa mkono, Mzee."

Fadhili, mpwa wake, aliyekuwa akipuliza jiko la mkaa, akacheka. "Mwongo huyo, mjomba. Alikuwa anaangalia uso wako."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa naangalia uso wake. Maisha yangu yote nimekuwa nikisoma nyuso kabla ya vitu vyenyewe. Fadhili alikuwa rika langu, mama yake kule Nyangamara alikuwa dada wa Mzee, na kwa Wamwera mpwa si mgeni kwa mjomba. Huyo ndiye wa kumrithi. Alijua hilo na alitembea kama anayelijua. Mzee alitueleza wote wawili: mpini mzito haupindi sana, unapeleka mpira chini chini, unachosha mikono, lakini unakutii. Mwepesi unapinda, unaurusha mpira juu, unakusaidia ukichoka, ila ukipiga kwa hasira unakwenda unakotaka wenyewe. "Mzito haukusaidii wala haukudanganyi," alisema. "Mwepesi unakusaidia, lakini una mambo yake." Alipokuwa akinionyesha namna ya kushika, alivizungusha vidole vyangu kimoja kimoja kwenye mpini, na nilipokosea alicheka kicheko cha puani, kikavu, cha mtu ambaye hajazoea kucheka.

Chakula cha mchana tulikula pale pale kwao, baada ya adhuhuri. Sinia la wanaume barazani, letu ndani, mimi na Bi Mwanahawa, uso kwa uso juu ya mkeka. Wali, mchuzi wa pweza au wa samaki, pengine muhogo wa nazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kuninyima chakula. Aliniuliza maswali huku akitenga miiba ya samaki. "Kwenu hawakutafutii mume?" "Wanatafuta, mama." "Na wewe unakataa?" "Bado, mama." "Unangoja nini?" Nilimjibu kwa kucheka. Alasiri alichukua ukili wake wa kusukia mikeka, akaja kukaa kwenye kizingiti cha banda, akasuka huku anatutazama. Kila baada ya muda alinituma. Somoe, nenda dukani. Somoe, katazame maji kama yametoka. Mimi niliamini ananishuku wizi. Mle ndani mlikuwa na vitu vya thamani, nami nilikuwa mtoto wa watu, kwa hiyo jioni nilipoondoka nilikuwa nakung'uta kanga yangu mbele yake, makusudi, aone kwamba sikubeba hata mpira mmoja. Alinitazama nikikung'uta, akaendelea kusuka.

Kisha ikaja habari ya Dar. Kilabu alichofanyia kazi Mzee kilikuwa kinatafuta kijana mmoja wa kusaidia kufundisha watoto kucheza. Chumba, chakula na mshahara. Mzee aliombwa alete vijana wake wawili wapambane siku moja, atakayeshinda abaki huko huko. Fadhili alipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya banda nikachuchumaa. Mwenye duka alikwisha tuma mtu kuuliza jibu la posa, na kwetu walikwisha chagua mwezi. Kwa Fadhili nafasi ile ilikuwa bahati. Kwangu ilikuwa mlango pekee.

Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Nilihesabu nani anapewa mipira mipya, nani anaitwa kwanza, nani anasahihishwa kwa upole. Alasiri moja nilikuwa namwaga majivu nyuma ya nyumba nikasikia Mzee na mkewe wakizungumza chumbani, dirisha likiwa wazi. Mzee alisema, "Dada yangu atasema nini, nikimpeleka mtoto wa watu nikamwacha wa kwetu?" Bi Mwanahawa akajibu kwa ile sauti yake ya chini, "Atasema utakalomwambia." Sikungoja zaidi. Nilichukua yale maneno mawili, mtoto wa watu na wa kwetu, nikaondoka nayo. Hayo mengine niliyaacha hapo dirishani, na sasa najua ndiyo niliyopaswa kuyaokota.

Mzee alituundia fimbo mpya za safari. Alikuwa na vichwa vya aina moja vya kutosha seti mbili, na mipini ya kuchagua. Kwa mara ya kwanza alifunga mlango wa banda. Siku kadhaa tulisikia moto ukipulizwa, tukasikia kichwa cha fimbo kikivutwa na kurudishwa, na mara moja nilimwona Bi Mwanahawa akitoka mle ndani amekunja uso, mikono mitupu. Nikaweka na hilo akilini. Hatimaye Mzee alitoka na mifuko miwili. "Hizi za Fadhili. Hizi za Somoe. Hakuna kuuliza."

Bamvua lilipofika tukazijaribu. Upepo wa kusi ulikuwa mkali. Fadhili alipiga kwa fimbo yake namba tano, moja ya zile ndefu, mpira ukaenda chini chini, ukagusa mchanga ukakimbia, ukakimbia mpaka watoto walioufuata wakachoka. Mimi nilipiga namba tano yangu, mpira ukapanda juu kabisa, upepo ukaukamata, ukaurudisha kama umetupwa na mtu. Nikapiga tena, ikawa vile vile. "Dada Somoe," Fadhili akapaza sauti, "wewe unacheza gofu au unawinda kunguru?" Hata Mzee alitabasamu. Nikamwona akitabasamu, nikajua nimemalizwa.

Kesho yake, kwa kuwa kusugua fimbo ilikuwa kazi yangu, nilichukua mifuko yote miwili nikapita nayo dukani. Muuza duka wa pale Masoko alikuwa na mizani ya sahani mbili. "Binti, hii ya sukari," alisema, "unataka kuuza vyuma chakavu?" Nikamwomba, akakubali kwa kutaka kuona mwisho wa kioja. Niliweka namba tano yangu upande huu na namba tano ya Fadhili upande ule. Yangu ikapanda. Sita, ikapanda. Saba, ikapanda. Nane, yangu ikashuka. Tisa, ikashuka. Nilirudia nikiwa nimebana pumzi. Seti yangu ilikuwa mseto: fimbo ndefu za kupigia mbali zilikuwa na mipini myepesi, fimbo fupi za karibu na shimo zilikuwa na mizito. Za Fadhili zilikuwa kinyume chake. Wala haikuwa ajali, mgawanyo ulikuwa safi mno. Nikaamini Mzee amechukua mipini iliyomfaa mpwa wake, mimi nikapewa mabaki.

Niliyasema wakati wa chakula. Nilitoka ndani nikasimama barazani mbele ya sinia la wanaume, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Mzee, nina neno."

"Sema."

"Fimbo zangu zimechanganywa. Namba tano mpaka saba ni nyepesi, zilizobaki ni nzito. Za Fadhili ni kinyume."

Aliendelea kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Nimepima dukani."

"Umepima kwa mizani ya sukari!" Fadhili akaruka. "Na fimbo zangu nazo?"

"Naomba nibadilishane naye," nikasema. "Yeye ni wa kwenu, hawezi kuumia."

Bi Mwanahawa alikuwa amenifuata mpaka mlangoni na bakuli la mchuzi mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe. Mzee alinawa mkono wake taratibu, kidole kwa kidole, akasema, "Fimbo ni za Fadhili. Mwombe yeye."

"Ahaa!" Fadhili akasema. "Kaona zangu zinakimbia, ndio anakuja na habari za mizani. Mimi si mtoto. Kama unazitaka, basi ndizo nzuri. Sibadilishi ng'o!"

"Sasa zangu ni mbovu?"

"Mimi sijasema mbovu. Aliyekwenda kunipimia vitu vyangu bila kuniuliza ndiye anajua anachotafuta."

"Basi," Mzee akasema. "Yamekwisha. Kuleni, mchuzi unapoa." Na nikamwona Bi Mwanahawa akishusha pumzi ndefu pale mlangoni. Nikadhani anashukuru kwamba ushindi wa mpwa umebaki salama.

Dar es Salaam niliona majani ya gofu kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mazito kama zulia, na mpira uliotua juu yake ulikaa ulipotua. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufunguka. Mwaka mzima tulikuwa tumejipima kwa mchanga wa Kilwa, ambao hukimbiza kila kitu. Mipira ya Fadhili iliruka chini chini kama ilivyozoea, ikagusa majani ikazama. Hakuna aliyeifukuza. Alipokaribia mashimo, mipini yake myepesi, na hasira yake iliyokwisha panda, viliipeleka mipira kushoto na kulia. Mimi sikuwa na upepo wa kusi wa kunirudisha. Fimbo zangu ndefu ziliunyanyua mpira juu na kuuweka chini taratibu, na za karibu zilifanya nilichoziambia. Nilishinda mapema kuliko heshima inavyotaka. Fundi wa kilabu kile, mtu aliyekuja baada ya Mzee Namkuna kuondoka, aliichukua namba saba yangu, akaitingisha, akachukua na namba tisa. "Nani kakuundia hizi?" akauliza. Nikamwambia. Akacheka. "Ndefu nyepesi zipande, fupi nzito zitulie. Watu wanalipia ufundi huu. Huyo mzee alikupenda, binti." Fadhili alikuwa amesimama karibu, alisikia yote. Alirudi Kilwa na basi la kwanza, hakuniaga.

Sikudumu kwenye kilabu kile. Nilifundisha watoto kwa muda, nikahama, nikaenda Tanga, nikaenda Songea, nikauza vitambaa, nikasimamia nyumba ya wageni, nikaolewa nikaachika, na kila nilipofika nilikuwa natazama mlango wa kutokea. Lakini maneno ya yule fundi nilitembea nayo. Palikuwa na mtu mmoja duniani aliyewahi kunichagua mimi akamwacha wa damu yake. Siku nilizokuwa na furaha niliyaamini. Siku nyingine nilijiuliza kama Mzee, kwa macho yale yaliyofifia, alitaka tu mpwa wake abaki amsaidie, na mimi nikawa njia ya kumbakisha. Nilikuwa na maelezo hayo mawili na sikuwahi kupata la tatu.

Arobaini ilikuwa na watu wengi. Fadhili alinipokea kituoni, ameota kitambi na mvi za kidevu, amekuwa fundi na mwenye nyumba ile. Ni yeye aliyenitumia ujumbe. Baada ya khitma alinivuta pembeni ya baraza, mikono bado inanukia ubani.

"Somoe, mjomba hayupo. Leo niambie. Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Nilizifungua zile fimbo zangu, baadaye, nilipojua kazi. Mtu hafanyi vile kwa mpwa wake bure bure."

"Fadhili, mimi nilitaka tubadilishane. Wewe ndiye uliyekataa."

"Najua nilikataa!" akasema. "Ndilo linaloniua."

Kabla sijamjibu, sauti ya chini iliniita kutoka ndani. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kitandani, katika nguo nyeupe za eda, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kwenye kigoda palikuwa na sinia la pilau lililofunikwa kawa. Alifunua, akanionyesha nikae mkekani.

"Fadhili kakuuliza?"

"Kaniuliza, mama."

"Anadhani aliyeamua ni mjomba wake. Mwanamume gani wa Kimwera atamnyima mpwa wake, ampe mtoto wa watu?" Alitikisa kichwa. "Mzee alikuwa amemuundia Fadhili zile zako. Mimi ndiye niliyekwenda bandani nikamwambia azigeuze."

Nilishika wali mkononi bila kuutia mdomoni. "Kwa nini, mama?"

"Uondoke."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitu kilichouzwa zamani. "Kila siku umo mle bandani. Anakushika vidole. Anacheka. Mimi nilikuwa na mtu yule ndani ya nyumba sijui miaka mingapi, sijamsikia kicheko kile. Nilikaa mlangoni nikisuka ukili mpaka vidole vikachubuka, na kila nikikutuma unarudi. Nikamwambia mume wangu, mpe zinazoshinda aende zake, au mimi ndiye nitakayekwenda. Akanichagua mimi. Na uliposimama pale barazani unataka kubadilishana, nilidhani Mungu ananiadhibu."

Mwaka mzima nilikuwa nimekagua nyuso za watu watatu, nimesikiliza madirishani, nimepima vyuma kwa mizani ya sukari, nikakung'uta kanga yangu mbele ya mwanamke ambaye hakuwa na habari na mipira. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba nilichoshukiwa katika nyumba ile hakikuwa wizi, bali mume wa mtu. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilimwona akiwa na umri wangu wa sasa, kwenye kile kizingiti, anahesabu vicheko.

"Mama," nikasema, "hapakuwa na kitu. Wallahi. Alinifundisha kushika fimbo, basi."

Macho yake yalipita usoni mwangu, yakashuka mikononi, yakarudi.

"Yeye naye alisema hivyo hivyo," akasema.

Nje watu walikuwa wanaagana na kuombeana. Bi Mwanahawa alisogeza sinia karibu yangu, akachagua kipande kizuri cha nyama, akakiweka upande wangu.

"Kula ushibe," akasema. "Safari yako ndefu." Nami sikuwa nimemwambia mtu yeyote mle ndani kwamba ninaondoka siku hiyo.